Mkongo Umefika Pwani, Lini Utafika Sebuleni?

Ndugu msomaji, liko jambo moja ambalo wengi wetu tumewaachia mafundi na wasomi, tukidhani halituhusu sisi tunaohangaika na unga, mkaa na ada za watoto. Jambo hilo ni intaneti ya nyumbani: ile iendayo kasi, iliyolipiwa kwa mwezi mzima, ambayo baba, mama na watoto huitumia pamoja bila ya kuhesabu dakika. Leo tunakuomba ulitazame jambo hili kwa jicho la mwenye kaya, si kwa jicho la fundi. Maana fedha ya kulilipia hutoka katika mfuko ule ule unaonunua sukari, na hasara ya kulikosa humpata mtoto yule yule unayemnunulia madaftari.

Mfikirie, mathalani, kijana aliyemaliza kidato cha sita. Akitaka mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo hupokea maombi yake kwa njia ya mtandao. Akitafuta kazi Serikalini, barua na vyeti vyake huingizwa katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira; zile bahasha za kaki tulizokuwa tukizipeleka kwa mkono zimekwisha kazi. Matokeo ya mtihani huwekwa mtandaoni na Baraza la Mitihani. Cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa njia hiyo hiyo. Vitabu vya kiada vya shule vimewekwa na Taasisi ya Elimu Tanzania katika maktaba yake ya mtandaoni, na kuvisoma humo hakuna malipo. Kitabu hakina malipo, lakini njia ya kukifikia ina malipo yake, na hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapoanzia.

Ofisi za umma zimehamisha madirisha yao. Zamani mwananchi wa Newala na mwananchi wa Kinondoni walipanga mstari mbele ya dirisha la mbao, na aliyewahi ndiye aliyehudumiwa. Siku hizi dirisha limo mtandaoni. Yuko anayelifikia akiwa amekaa sebuleni kwake, na yuko anayelifikia baada ya kupanda daladala mbili hadi kwenye duka la steshenari, akalipa kwa kila ukurasa, kisha akamtajia kijana asiyemjua namba yake ya kitambulisho na neno lake la siri ili amjazie fomu. Wote wawili tunawaita wananchi wenye haki sawa.

Tuliiona tofauti hiyo waziwazi mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na hazikufunguliwa zote hadi Juni 29. Redio na televisheni zilijitahidi kurusha masomo. Lakini baadhi ya shule, hasa zile za binafsi mijini, ziliendelea kuwafundisha watoto kwa njia ya intaneti: mwalimu aliuliza, mtoto alijibu, kazi ikasahihishwa. Mtoto wa nyumba isiyo na njia hiyo alisikiliza redio kama ilikuwapo, asiweze kuuliza neno. Pengo la namna hii halionekani kwa macho wakati linapochimbwa. Huja kuonekana kwenye karatasi ya matokeo, na hapo mzazi humlaumu mtoto kwa uvivu.

BAHARINI HATUKUCHELEWA

Usidhani, msomaji, kwamba tatizo letu ni kuwa mbali na dunia. Pwani yetu imeonja nyaya za baharini tangu zamani. Mwaka 1879, zama za Seyyid Barghash, waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Afrika Kusini. Miaka 130 baadaye, mwaka 2009, mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, nao ukafuatwa na mkongo wa EASSy mwaka 2010. Mwaka 2023 ulitua mwingine, uitwao 2Africa. Kabla ya mikongo hiyo intaneti yetu ilipita angani kwa setilaiti, tena kwa gharama kubwa. Waliowahi kuingia katika intaneti kafe za Dar es Salaam miaka ile wanakumbuka ukurasa mmoja ulivyofunguka mstari kwa mstari huku saa ya malipo ikikimbia.

Nchi kavu nako hatukulala. Mwaka huo huo wa 2009 Serikali ilianza kuujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo kutoka China, na uendeshaji wake ukawekwa mikononi mwa TTCL. Mkongo huo umefika mikoani, ukavuka na mipaka hadi kwa jirani zetu wasio na bahari, kama Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni sifa kwa nchi, wala hatuibezi. Mpanda mlima aliyechoka anaweza kumwonyesha mama yake theluji papo hapo. Lakini mtu akiuliza kwa nini mlimani imefika na katika nyumba ya vyumba sita kule Mbagala haijafika, huyo haulizi swali la kejeli. Anauliza swali lenye jibu, na jibu lenyewe halihusu bahari wala mlima.

NDOO NA BOMBA

Kwanza tuielewe hasara yenyewe, maana watu wengi watasema: intaneti tunayo, si imo katika simu? Ni kweli, imo. Laini za simu nchini ni mamilioni kwa mamilioni, ilhali nyumba zilizovutiwa waya ni chache mno zikilinganishwa nazo. Tofauti ya hizo mbili inafanana na tofauti ya maji ya ndoo na maji ya bomba.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua hesabu hii vizuri. Uniti moja ya maji ya bomba ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Chukua bei ya dumu moja la muuza maji wa mkokoteni mtaani kwako, uizidishe kwa 50, kisha uilinganishe na bei ya uniti kwenye ankara ya jirani mwenye bomba. Utaona mwenyewe nani analipa zaidi. Ni yule asiye na bomba, ambaye aghalabu ndiye mwenye kipato kidogo. Bando la simu ni ndoo.

Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa, wananchi walipiga kelele hata bei hizo zikasitishwa. Katika mjadala uliofuata wengi walisikia kwa mara ya kwanza vipimo vilivyokuwa vikitumiwa na Mamlaka ya Mawasiliano: kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa megabaiti moja. Senti hizo zaonekana si kitu. Basi tuzizidishe. Somo la video la saa moja, kwa picha ya kawaida tu, linaweza kula megabaiti 700 hadi 1,000. Tuchukue 1,000 ili hesabu iwe rahisi. Kwa kipimo cha chini kabisa saa hiyo moja ni shilingi 2,030. Mtoto mmoja akisoma saa moja kila siku kwa siku 30, ni shilingi 60,900. Kwa kipimo cha juu ni shilingi 280,500, zaidi ya nusu ya kima cha chini cha mshahara wa Serikali, ambacho mwaka 2025 kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Na hapo tumemhesabu mtoto mmoja, bila ya ndugu zake, bila ya baba na taarifa zake za habari, bila ya mama na wateja wake wa vitenge.

Sasa tulitazame bomba. Waya wenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kasi ambayo kwa vipimo vya siku hizi ni ya wastani tu, ukifunguliwa hadi mwisho kwa saa moja hupitisha megabaiti 4,500. Mzigo huo ukinunuliwa kwa ndoo, kwa bei ile ile ya chini ya shilingi 2.03, ni shilingi 9,135. Saa kumi zingekuwa shilingi 91,350, na mwezi una saa 720. Hakuna familia inayofungua bomba mchana na usiku, lakini msomaji ameona mizani ilivyo. Mwenye waya haulizi somo litakula kiasi gani. Mwenye bando huwasha, husoma ujumbe mmoja, huzima. Mama anayemnyang'anya mtoto simu katikati ya somo si mchoyo wala si adui wa elimu. Ana ndoo moja, na siku bado ndefu.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo mwaka 2018: ifikapo mwaka 2025, huduma ya kuanzia katika nchi zinazoendelea isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Benki ya Dunia ilipotangaza, Julai 2020, kwamba Tanzania imeingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, pato hilo la wastani lilikuwa dola 1,080 za Marekani kwa mwaka 2019, yaani dola 90 kwa mwezi. Asilimia 2 yake ni dola 1.80, kama shilingi 4,000 hivi kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Kwa shilingi 4,000 mtu hupata ndoo ndogo. Waya wa nyumbani hulipiwa kwa makumi ya maelfu kila mwezi, mbali na gharama ya kuuvuta siku ya kwanza.

KUTOKA BARABARANI HADI MLANGONI

Kwa nini basi bomba halifiki? Waya wenyewe, ambao vijana wanauita faiba, ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele unaopitisha mwanga. Kioo hicho si ghali sana. Uzi mmoja unaotoka kituoni hugawanywa katika kisanduku kidogo, ukahudumia nyumba 32, au hata 64. Kilicho ghali ni jembe: kuchimba mtaro, kupasua lami na kuirudisha, kulipia vibali, kusimamisha nguzo, kumlipa fundi anayeunganisha kioo kwa kioo. Jembe halijali mfuko wa mtu. Gharama yake ni ile ile likichimba mbele ya nyumba 50 zitakazolipia huduma au mbele ya nyumba 5. Mfanyabiashara hupiga hesabu hiyo, akaenda Masaki, Oysterbay na Mikocheni, ambako kila geti lina uwezo wa kulipa, akaiacha mitaa mingine ingoje. Hatumlaumu kwa kupiga hesabu. Ndiyo kazi yake. Tunachokataa ni hesabu hiyo kugeuka kuwa mpango wa taifa pasipo mtu yeyote kuupitisha.

Ukienda Manzese, Tandale au Buguruni utaona jambo la kushangaza kidogo. Nyumba zimesongamana, ukuta kwa ukuta. Kwa mwenye waya huko ndiko kungekuwa kuzuri, kwa kuwa mita mia moja za uzi zingepita mbele ya milango mingi kuliko kilomita nzima ya Masaki. Kinachokosekana ni njia. Mitaa ile ilijengwa kabla mpimaji wa ardhi hajafika, uchochoro mmoja una upana wa mkokoteni, na kila hatua unayopitisha waya unagusa ukuta wa mtu ambaye ni lazima aombwe ruhusa. Kwa muda mrefu hata kuipata nyumba kulikuwa kazi. Fundi aliambiwa ashuke kituo cha mwembe, apite kwa mzee muuza kahawa, aulize nyumba ya Mama Fulani. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022 ilizipa barabara majina na nyumba namba. Wako waliokiona kibao kile mlangoni kuwa ni pambo. Kwa mtu anayeomba huduma ya waya, kibao kile ni sehemu ya waya wenyewe.

Kizuizi kingine hakisemwi sana kwa sababu kinagusa ujirani wetu. Wakazi wengi wa mijini ni wapangaji. Mpangaji hulipa kodi ya miezi sita au ya mwaka, naye hajui kama baada ya hapo atakuwa pale pale. Atavutaje waya ukutani kwa mtu, kwa gharama yake, kisha ahame auache? Mwenye nyumba naye hataki ukuta wake utobolewe kwa faida ya chumba kimoja. Matokeo yake nyumba moja ya Kiswahili, yenye vyumba sita na kaya sita, hununua ndoo sita kila siku. Tuseme kila chumba hutumia shilingi 1,000 kwa siku kwa bando, jambo ambalo si la ajabu. Nyumba nzima imetoa shilingi 6,000 kwa siku, shilingi 180,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ingetosha kuleta bomba na chenji ikabaki! Watu wale si maskini wa fedha ya intaneti, maana tayari wanailipa. Wamekosa mtu wa kuwakutanisha, na mwenye nyumba wa kukubali.

Kijijini hesabu ni nyingine kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi ambayo mtu aweza kusafiri saa nzima kati ya kijiji na kijiji. Kuchimba mtaro hadi kila kitongoji si jambo la leo. Huko tegemeo ni mnara, na ndiyo maana Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Mnara ni neema. Lakini yafaa ieleweke kwamba mnara hugawa kasi yake kwa wote walioushika kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu saa mbili usiku, kila mtu amekwisha kula, ukurasa haufunguki. Mnara ambao wenyewe haujavutiwa mkongo, unaopokea mawimbi kutoka kilima hadi kilima, hubanwa zaidi. Teknolojia ya 5G, iliyozinduliwa hapa nchini na Vodacom Septemba 2022, inaweza kupeleka kasi ya waya hadi ndani ya nyumba pasipo kuchimba, nayo imewafaa baadhi ya watu wa mijini. Setilaiti za siku hizi nazo, kama zile za Starlink zilizoanza kuhudumia Kenya mwaka 2023, hufika porini kabisa; ila chombo chake hudai fedha nyingi kwa mkupuo, na mkulima hupata fedha yake kwa msimu.

KODI NA NANGA

Tusiwasahau watoza kodi. Mwaka 2014 ushuru wa bidhaa juu ya huduma za mawasiliano ulipandishwa hadi asilimia 17, na juu yake iko kodi ya ongezeko la thamani, iliyokuwa asilimia 18. Kwa viwango hivyo huduma ya thamani ya shilingi 10,000 ilimfikia mnunuzi kwa shilingi 13,806. Serikali yahitaji kodi. Zahanati hazijengwi kwa maneno. Hata hivyo tunasema wazi kwamba kuitoza huduma hii sawasawa na anasa kulikuwa na mantiki wakati simu ilipokuwa pambo la matajiri. Dirisha la Bodi ya Mikopo likiwa ndani yake, mantiki hiyo imechakaa. Afadhali tozo ya kupitisha nyaya kandokando ya barabara kuu, ambayo kampuni ziliilalamikia kwa miaka mingi, ilipunguzwa sana mwanzoni mwa miaka ya 2020. Mtu wa kawaida hajui kwamba tozo hiyo ipo, na bado huilipa kila mwezi ndani ya ankara yake.

Kisha liko suala la kukatika. Mei 12, 2024 mikongo ya SEACOM na EASSy yote miwili ilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia. Baharini adui ni nanga za meli na misukosuko ya sakafu ya bahari. Nchi kavu adui ni katapila la mjenzi wa barabara ambaye hakuuliza, na mwizi anayefukua akitumaini shaba, akakuta kioo kisichouzika popote. Kila kiraka gharama yake humrudia mlipaji.

NYUMBA KUMI, WAYA MMOJA

Nchi yetu imewahi kukutana na tatizo la namna hii na ikalipatia dawa. Umeme ulipokuwa ukisuasua vijijini, haikusemwa kwamba wanakijiji wangoje hadi wawe na uwezo wa kununua nguzo na transfoma. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini gharama kubwa ya kuufikisha ilibebwa na taifa, na mwananchi wa kijijini akatakiwa kulipa shilingi 27,000 za kuunganishwa. Kila mtu alielewa kwamba 27,000 si bei ya nguzo. Sioni kwa nini mita za mwisho za waya wa kioo, hasa kwenye mitaa yenye shule, zahanati na ofisi ya kata, zisitazamwe kwa jicho hilo hilo. Mkopo wa dola milioni 150 wa Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ulioidhinishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba fedha za kazi ya namna hii hupatikana nchi ikizitafuta.

Lipo pia jambo lisilohitaji mkopo. Kila barabara ya mtaa inayojengwa na TARURA ichimbiwe pembeni bomba tupu la plastiki kabla lami haijamwagwa. Bomba tupu ni rahisi. Kesho yake kampuni yoyote itapitisha uzi wake humo kwa kodi ndogo. Tumezoea kuona barabara mpya ikipasuliwa na watu wa maji mwezi wa tatu, na watu wa simu mwezi wa sita, mpaka inakuwa kama mkeka uliotobolewa na panya. Wananchi wanaoshiriki mikutano ya mtaa wana haki ya kuuliza kuhusu bomba hilo kabla katapila halijafika. Baada ya lami kukauka, atakayeuliza ataambiwa angoje bajeti ijayo.

Mifano ya watu waliojipanga iko. Kibera, Nairobi, mtaa ambao kwa sifa zake za msongamano hauhitaji kuelezwa, kampuni iitwayo Poa Internet ilichagua kuwatafuta wateja wale wale waliokimbiwa na wengine, ikapeleka mawimbi kutoka juu ya mapaa hadi nyumbani kwa malipo ya mwezi. Kondoa, mkoani Dodoma, mtandao wa kijamii ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 2010 kwa kutumia masafa ya televisheni yasiyokuwa na kazi, ukaunganisha shule.

Mtaani kwako, msomaji, kazi ya kwanza ni kuhesabiana. Kampuni yenye mkongo uliopita barabara kuu haitachimba kwa ajili ya barua moja ya maombi. Ikipata maombi ya nyumba kumi za uchochoro mmoja, gharama ya mtaro imegawanyika mara kumi. TTCL ilipoanzisha mpango wake wa Faiba Mlangoni Kwako, wale wenye majina tayari walikuwa na la kusema. Balozi wa nyumba kumi anazijua kaya zake na anajua mwenye nyumba yupi ni msikivu. Mwenye nyumba naye aelezwe faida yake: nyumba yenye waya hupangishwa upesi, na waya ukiandikishwa kwa jina lake hubaki ukutani wapangaji wakibadilika, gharama ikichangwa pamoja na Luku. Ila jihadharini: kununua huduma ya nyumba moja na kuwauzia majirani kunahitaji leseni ya TCRA, na mikataba mingi hukataza kugawa nje ya nyumba. Nyumba ya vyumba vingi iombe mkataba wa nyumba ya vyumba vingi, liandikwe hivyo.

Kabla ya kutia saini, uliza haya. Kasi iliyotajwa ni ya kwako peke yako, au inagawanywa na wengine? Liko kikomo ambacho ukikivuka kasi hupunguzwa pasipo kuambiwa? Kile kisanduku, yaani ruta, ni mali yako au ni cha kampuni, na ukihama kitahama nawe? Huduma ikikatika siku tano, siku hizo zitarudishwa? Fundi akija, atoe kitambulisho, na fedha ilipwe kwa namba ya kampuni, isipewe mkononi. Akikwambia waya utapita juu ya bati la jirani, mwende wote wawili kwa jirani kabla ngazi haijaegemezwa. Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba, isifichwe kabatini wala nyuma ya televisheni. Ukuta wa tofali za saruji hula mawimbi. Umeme ukikatika nayo huzimika, hata kama waya nje ni mzima, kwa hiyo kama nyumbani iko betri ya sola ya taa, fundi aulizwe siku hiyo hiyo kama ina nguvu ya kuiwasha na hiyo ruta.